SOMO: KUPANGA MANENO MBELE YA WATU



Wengi wetu huitwa kusema kwenye matanga, ndoa au mkutano wa jamaa. Anayesimama bila kupanga huzungukazunguka, watu wakachoka. Tena kama jamaa ina ugomvi, neno moja la ovyo linaweza kuwatenga ndugu siku ileile ya maziko.

Tuangalie hotuba ya Patrice Lumumba, Waziri wa Kwanza, huko Léopoldville, tarehe 30 Juni 1960. Mfalme Baudouin alikuwa ametangulia kumsifu Léopold II. Lumumba alipanga hivi:

1. Mwanzo. Aliwaita Wakongo, waume kwa wake. Kila mtu akajua nani anaambiwa.

2. Katikati. Alikumbusha kwanza mateso: kazi ngumu, matusi, ardhi iliyonyang'anywa. Ndipo akataja kazi iliyo mbele: amani, haki, malipo ya halali kwa mfanyakazi.

3. Mwisho. Aliomba mambo wazi: kuacha ugomvi wa makabila, kuheshimu uhai na mali ya kila mtu, hata mgeni.

Nawe, kabla ya kusimama, andika kwanza ombi lako la mwisho. Mengine yote yaelekee huko. Kwa mfano, matangani: wape pole wafiwa, taja jema moja alilofanya marehemu, kisha omba jamaa wasimfukuze mjane na yatima katika nyumba yao. Ukimaliza, keti.

Zoezi: Andika ombi lako kwa sentensi moja, umsomee jirani. Je, ameelewa?