Mke kapimwa kliniki, mume naye?

*Mke wangu mjamzito amepimwa VVU kliniki, hana. Mimi ni dereva wa lori, wiki nzima niko njiani. Majibu yake hayanitoshi? Nikipima, nirudie lini?*
*Msomaji, Tunduma*

Hayatoshi. Majibu ya mke ni ya mke. Mmoja anaweza kuwa na VVU na mwenzake asiwe navyo kwa miaka.

Wajawazito hupimwa kwa urahisi kwa sababu tayari wako kliniki. Dereva hufika kituo cha afya kimeshafungwa, au huogopa kuonekana kwenye foleni. Kwa watu kama yeye, sheria ya Tanzania iliyobadilishwa mwaka 2019 inaruhusu kujipima: kijiti hupitishwa kwenye fizi, majibu hutoka baada ya dakika 20. Mstari mmoja ni hasi. Miwili, athibitishe kituoni.

Maambukizi mapya yanaweza yasionekane hadi miezi 3. Basi apime sasa, arudie miezi 3 baada ya ngono ya mwisho isiyo salama, kisha angalau kila mwaka. Kondomu ikipasuka, awahi kituoni ndani ya saa 72 apewe dawa za kinga. Na akikutwa na VVU, dawa ni bure kwenye vituo vya serikali; virusi vikifubazwa hadi visionekane kwenye kipimo, hatamwambukiza mkewe kwa ngono.