SOMO LETU: Shimo la Changarawe, Maji ya Mvua na Visima Vyetu

Tukikutanisha vikundi kuzungumza juu ya maji, mara nyingi tunataja pampu na matangi. Shimo la kuchimba mchanga, changarawe au maramu hatulitaji. Ni kweli shimo hilo huleta vibarua na vifaa vya ujenzi, lakini likichimbwa ovyo linaharibu maji ya kijiji kizima. Basi leo tujifunze pamoja.

1. Kwa nini Kipini tuwe waangalifu zaidi

Kipini iko pale Mto Tana unapoingia baharini. Wakati wa kiangazi mto ukipungua, chumvi hupanda kutoka mdomoni. Kwa hiyo maji ya visima ndiyo tegemeo, nayo ni mvua iliyozama mchangani.

Maji matamu ni mepesi, kwa hiyo huelea juu ya maji ya chumvi yaliyo chini ya ardhi. Wataalamu wawili, Badon Ghyben wa Uholanzi (1889) na Herzberg wa Ujerumani (1901), walieleza kipimo chake: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na karibu mita 40 za maji matamu chini yake. Kinyume chake ndicho cha kuogopa. Maji ya juu yakishuka kidogo tu, baada ya muda chumvi hupanda sana. Mchanga basi ndio tangi letu. Asiuchimbe mtu mpaka akafikia maji.

2. Hebu tuhesabu mvua

Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya ekari 1 ni kama lita 40,000, yaani mapipa 200 ya lita 200. Penye nyasi na mchanga, sehemu kubwa huzama. Palipokanyagwa na malori hapanywi maji, yote yanakimbia yakibeba tope hadi mashambani na visimani.

3. Mambo ya kufanya

(a) Maji safi yasiingie shimoni. Upande wa juu wa shimo chimbeni mtaro na kuweka tuta, ili maji ya mvua yapite kando.

(b) Maji ya tope yasitoke kabla ya kutulia. Jaribuni nyumbani: tieni udongo na maji ndani ya chupa, mtikise, kisha mtazame. Mchanga huzama mara moja, tope laini huchukua saa nyingi, na udongo wa mfinyanzi hata kesho maji bado yana rangi. Ndiyo maana bwawa moja dogo halitoshi. Yawe mawili yanayofuatana, na tope lizolewe kabla ya masika na kabla ya vuli.

(c) Maji ya kuoshea changarawe yatumike tena na tena kutoka bwawa la pili. Yasichotwe kwenye kisima cha kunywa. Na maji ya bahari pia hayafai, kwa kuwa chumvi ikibaki kwenye zege, nondo hushika kutu.

(d) Dizeli na oili chafu zisimwagwe chini. Mchanga unaopitisha mvua haraka hupitisha mafuta vilevile.

(e) Shimo liwe mbali na ukingo wa mto. Tumeona mafuriko ya 1997–98, ya 2018, ya Novemba 2023 na ya 2024. Ukingo uliochimbwa ni mlango uliofunguliwa.

(f) Kazi ikiisha shimo lisiachwe hivyo. Kuta zilazwe ziwe mteremko, na udongo wa juu uliowekwa kando urudishwe, upandwe miti na nyasi. Maji yaliyotuama huzaa mbu kwa muda wa wiki moja au mbili, na mtoto akiteleza ukuta uliosimama wima hapandi tena.

4. Sheria inasemaje

Sheria ya mazingira ya 1999 inataka athari zichunguzwe na kibali cha NEMA kipatikane kabla ya machimbo kuanza. Sheria ya Maji ya 2016 inataka kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kwa anayevuta maji kwa ajili ya kazi kama hiyo. Wanakijiji wana haki ya kuulizwa maoni. Msingoje lori la kwanza lifike ndipo muulize. Makubaliano ya kulifukia shimo yaandikwe kabla ya pesa kutolewa, maana aliyekwisha kuondoka na changarawe yake ni vigumu kumrudisha na koleo.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Mashimo yaliyo karibu nasi ni mangapi, na mvua ikinyesha maji yake huenda wapi?
2. Ni visima gani vilivyoanza kuwa na chumvi? Tangu lini?
3. Nani kati yetu atapima kina cha maji kisimani kwa kamba kila mwezi na kuandika daftarini?

Swali la tatu lisiachwe bila jina la mtu. Shimo huchimbwa kwa wiki chache, lakini kisima kikiingia chumvi wajukuu wetu ndio watakaosumbuka.