Kamera Kuukuu na Vumbi la Bonde la Ufa: Mafunzo Niliyopata

Kamera nyingi za dijitali zinazofika kwenye meza yangu hapa Nakuru zilitengenezwa kati ya mwaka 2003 na 2012. Baadhi zililetwa na jamaa kutoka ng'ambo, baadhi ziliingia nchini kama mitumba, na nyingine zilinunuliwa mpya na wapiga picha waliokuwa wakitafuta riziki Nyayo Gardens, kwenye harusi, au siku ya mahafali katika Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro. Simu zilipopata kamera nzuri, wengi waliziweka kabatini. Sasa zinatoka tena. Vijana wanazipenda kwa rangi zake, na wazee wa kazi wanakumbuka kwamba kamera ya pikseli milioni 8 inatosha kuosha picha safi ya sentimita 20 kwa 27. Hiyo ni karibu karatasi nzima ya A4.

Kwa miaka ambayo nimezifungua na kuzifunga, nimeshawishika kwamba hizi mashine zina uhai mrefu kuliko wenyewe wanavyodhani, na kwamba zinazokufa mapema huponzwa na mahali zinapokaa. Kwa hiyo mtu akiniletea kamera, kabla sijashika bisibisi humuuliza ilikuwa imewekwa wapi.

1. Uliza kwanza ni mawe gani

"Fundi, hii imekufa kabisa. Nimeiwekea mawe mapya na bado haiwaki."

"Pole, mama. Mawe yenyewe umeyanunua wapi?"

Mara nyingi jibu ni kwamba yametoka kioski cha jirani, na hapo ndipo ugonjwa ulipo. Mawe ya bei nafuu ni betri kavu za zinki na kaboni. Redio ndogo au saa ya ukutani inayavuta polepole, nayo yanadumu. Kamera haina subira hiyo: ikiwaka tu inasukuma lenzi, inawasha skrini na kuanza kujaza flashi kwa wakati mmoja. Volti za jiwe la kaboni huporomoka papo hapo, kamera ikadhani betri imekwisha, ikajizima. Mji huu ulikuwa na kiwanda cha betri kavu cha Eveready mpaka kilipofungwa mwaka 2014, na watu wengi tumekua tukiamini kwamba jiwe likiwasha tochi basi litawasha kitu chochote. Kwa kamera inayotumia mawe madogo ya AA, tafuta betri za kuchaji za nikeli. Zimeandikwa volti 1.2 badala ya 1.5, lakini haziporomoki zinapobanwa na kazi.

Kisha fungua mlango wa betri, umulike ndani. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vibati, jua betri ilisahauliwa humo ikavuja. Uvujaji wa betri za alkali husafishwa kwa tone la siki au ndimu kwenye kijiti cha pamba, halafu spiriti ili kuondoa ile siki, halafu uache pakauke kabisa. Malizia kwa kusugua vibati na raba ya penseli. Kamera nyingi zilizotangazwa kufa hufufukia hapo, na bado sijafungua hata skrubu moja.

2. Lenzi iliyokwama, isikilize kabla ya kuigusa

Hili ndilo tatizo ninaloletewa kuliko yote. Lenzi inatoka nusu, inatetemeka, kamera inapiga kelele na kujizima. Katika kamera za Canon za miaka hiyo, skrini iliandika E18, na wenye kamera wanaijua alama hiyo hadi leo.

Ndani ya kamera ndogo kuna mirija miwili au mitatu iliyovaana, inayoteleza kwenye mifereji myembamba kwa msaada wa vijino vya pembeni. Kimota kidogo kinaizungusha kupitia gia za plastiki. Kompyuta ya kamera huhesabu mizunguko, na mrija usipofika mahali pake kwa wakati, inakata umeme ili gia zisivunjike. Kwa hiyo ule ujumbe wa hitilafu ni ulinzi. Kitu kimeziba njia, na mara nyingi ni chembe moja ya mchanga. Mwenyewe alikuwa ufukweni mwa Ziwa Elmenteita, au aliendesha baiskeli Hell's Gate kule Naivasha kwenye lile jivu la volkano, kisha akaisukuma kamera mfukoni pamoja na sarafu.

Weka betri zilizojaa, uilete kamera sikioni, uwashe. Mota ikinguruma na kujaribu, kuna kizuizi, na matumaini ni makubwa. Ukisikia kimya, tatizo liko kwenye mota yenyewe au kwenye ule ukanda mwembamba wa nyaya tunaouita fleksi, na hapo itabidi kufungua.

Kukiwa na mngurumo, elekeza lenzi chini ili kinachotoka kidondoke. Puliza kwa pampu ya mpira kuzunguka kila pete huku ukiwasha na kuzima. Kata ukanda wa karatasi ngumu nyembamba, upitishe taratibu katika mwanya kati ya mrija na mrija, mzunguko mzima. Utahisi pale karatasi inapogota. Puliza tena hapo hapo.

Kama kamera ilianguka, itazame kwa ubavu usawa wa macho. Mwanya ukiwa mpana upande mmoja na finyu upande wa pili, kijino kimeruka nje ya mfereji wake. Bonyeza kwa kidole gumba upande uliochomoza, kidogo kidogo, mpaka usikie mlio mfupi wa kijino kurudi. Koleo lisiguse hapo. Na kwa vyovyote vile usinyunyizie mafuta ya kulainisha. Yanatambaa hadi kwenye vibati vya shata, yanavishikanisha, halafu yanabeba vumbi lote la mwaka mzima.

3. Vumbi la hapa lina makali

Karibu na Gilgil, pale Kariandusi, huchimbwa udongo mweupe wa diatomaiti. Ni mabaki ya mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho, iliyotuama chini ya ziwa la kale, na maganda yake ni ya silika, kitu kile kile kinachotengeneza kioo. Ulimwenguni hutumika pia kung'arishia metali. Sasa fikiria mtu anayetoka huko na lenzi yenye ukungu wa unga huo, akaipangusa kwa pindo la shati. Anaikwaruza kwa mkono wake mwenyewe.

Pande za maziwa ya magadi kuna vumbi jingine jeupe, ambalo likipata unyevu huganda. Maji ya Ziwa Nakuru yamepanda sana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 na kumeza sehemu kubwa ya ufuo uliokuwa mkavu, lakini barabara za murramu bado zipo na kiangazi cha Januari hadi Machi hakijahama.

Utaratibu wangu haubadiliki. Pampu kwanza, brashi laini pili, kitambaa chenye tone la spiriti mwisho. Mdomo haupulizi, kwa sababu mate ni magumu kutoa kuliko vumbi.

Kwa kamera za kubadilisha lenzi, vumbi hufika kwenye sensa. Ili kuliona, funga tundu la lenzi hadi f/16 au f/22, upige picha ya anga tupu, uikuze kwenye skrini. Madoa ya kijivu yanayobaki mahali pale pale katika kila picha ni vumbi. Lenzi hupindua picha, kwa hiyo doa lililo juu kushoto kwenye picha, ukiitazama sensa kwa mbele liko chini kushoto. Kujua hilo kunakuepusha na kusugua pasipo na kitu. Weka betri iliyojaa kabla ya kuchagua kipengele cha kusafisha sensa, maana umeme ukikatika katikati, kioo na shata vinaweza kukufungia vifaa vyako ndani.

4. Picha za zambarau si kosa la mpiga picha

Mwezi wa Oktoba 2005, kampuni kadhaa, zikiwemo Canon, Nikon, Fujifilm, Konica Minolta na Sony yenyewe, zilitangaza kwamba kamera zao kadhaa zilikuwa na sensa zenye kasoro zilizotengenezwa na Sony. Nyaya ndogo mno ndani ya sensa zililegea, hasa penye joto na unyevu. Picha zikatoka za zambarau, zenye mistari, au nyeusi tupu. Kampuni zilijitolea kuzitengeneza bure, lakini kamera zilizokwisha kuuzwa mkono hadi mkono hadi Afrika Mashariki nyingi hazikufikiwa na tangazo hilo. Bado tunakutana nazo.

Kuzitambua ni rahisi. Fungua picha za zamani zilizomo kwenye kadi. Zikionekana vizuri huku picha mpya zikiwa za zambarau, skrini ni nzima na sensa ndiyo mgonjwa. Mistari ikionekana hata kwenye menyu, basi ni skrini au fleksi yake. Na kama picha za ndani ya nyumba ni sawa lakini za juani zinatoka nyeupe mno zenye michirizi, shata imeganda ikiwa wazi. Magonjwa hayo yana bei tofauti kabisa. Kuhusu lile joto na unyevu vinavyolegeza nyaya za sensa, Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni kavu kuliko ya Mombasa, ila dashibodi ya matatu iliyoegeshwa juani mchana haijali mwinuko.

5. Kadi na saa

Maduka mengi leo yanauza memori kadi za GB 32 kwenda juu. Kamera za kabla ya mwaka 2006 kwa kawaida hazisomi kadi ya SD iliyozidi GB 2, na zitakuambia kadi ni mbovu. Kamera haina kosa. Tafuta kadi ndogo ya zamani, uifomati ndani ya kamera yenyewe. Kitufe cha pembeni cha kufunga kadi kikilegea, kipande cha selotepu kinakishikilia.

Kamera inayouliza tarehe kila ikiwashwa inataka betri yake ya saa, ile ya mviringo kama kitufe. Kwenye nyingi za Canon ni CR1220 au CR2016, na iko kwenye kidroo kando ya betri kubwa.

Jambo moja zaidi kuhusu kadi, na kwangu ni kubwa. Mteja anapofika, kadi naitoa na kumrudishia mkononi kabla kamera haijabaki kwangu. Ninajaribu kwa kadi yangu. Humo huwa kuna mazishi, watoto, na nyuso za watu ambao hawapo tena, na hakuna fundi mwenye haki ya kuzipitia, wala ya kuzifuta kwa bahati mbaya.

6. Flashi inaweza kukuumiza

Kapasita ya flashi hubeba takriban volti 300, na inaweza kukaa na chaji siku kadhaa baada ya betri kutolewa. Umeme wa ukutani kwetu ni volti 240, kwa hiyo usiidharau kwa udogo wake. Mtu asiyejua kuitambua kapasita asifungue kamera yenye flashi. Anayejua aimwage chaji kwa resista ya kiloomu 2 yenye uwezo wa wati 5, iliyoshikwa kwa koleo lenye mpira, halafu apime kwa mita kuhakikisha imeshuka hadi sifuri. Wapo wanaoifupisha kwa ncha ya bisibisi. Cheche ile inaweza kuua saketi nzima, na inaweza kumfikia aliyeishika.

7. Bisibisi za nyota ziko aina mbili

Skrubu za kamera za Kijapani zimechongwa kwa kipimo cha Kijapani cha JIS. Bisibisi ya nyota ya kawaida inaingia, inaonekana kushika, kisha inateleza na kuila skrubu kichwa. Nunua seti moja ya JIS, itakulipa. Mimi huzipanga skrubu kwenye trei ya mayai kwa mpangilio wa kuzitoa, maana ndefu ikirudishwa pa fupi hutoboa ubao wa saketi.

8. Kamera kubwa zina udhaifu wao

Kamera za zamani za Canon za kubadilisha lenzi huandika Err 99 kwa karibu kila jambo. Mimi huanza kwa kusafisha vibati vya dhahabu kati ya lenzi na kamera kwa spiriti, kisha hujaribu lenzi nyingine. Ikikubali, lenzi ya kwanza ndiyo yenye shida. Ile ya EF-S 17-85 inajulikana kwa fleksi ya tundu la lenzi inayokatika kwa kukunjwa kila unapovuta zumu: inafanya kazi upana mmoja na kugoma upana mwingine. Canon 5D ya mwaka 2005 nayo ilikuwa na kioo kinachobanduka gundi, na kampuni ilikiri na kutoa huduma ya kukirekebisha bure.

9. Molo na kuvu

Wateja wa Molo na Kuresoi, kwenye baridi ya Mau, huniletea lenzi zenye nyuzi nyeupe kama buibui ndani ya kioo. Ni kuvu. Begi la ngozi lililofungwa ndilo shamba lake. Kamera ikae pakavu penye mwanga na hewa, pamoja na vipakiti vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na itolewe itumike. Kuvu ikishakula rangi ya kinga juu ya kioo, alama hubaki hata ukisafisha.

10. Iliyokufa kabisa usiitupe

Viwanda havitengenezi tena spea za kamera hizi, kwa hiyo spea zetu ni kamera nyingine. Nanunua zilizokufa, na kitu cha kwanza ninachotazama ni mlango wa betri, kwa kuwa ndoano yake ya plastiki ndiyo huvunjika kwenye kamera nyingi za mawe ya AA, na wenyewe hubaki wakizifunga kwa mpira wa noti. Baada ya hapo natazama skrini, kisha gia za lenzi. Sensa iliyokufa hainizuii kununua. Kwa hiyo ukiwa na kamera ya aina hiyo kabatini, toa kadi, toa betri, uilete na chaja yake. Mara nyingi chaja ndiyo inayotafutwa zaidi.