Kusahau Neno la Siri la Kompyuta: Tujiandae Mapema



Msafiri mwangalifu huhakiki hati zake angali nyumbani. Hangoji kufika mbele ya afisa uhamiaji ndipo aanze kuzitafuta. Katika somo hili twaomba mwangalifu huyo awe vivyo hivyo mbele ya kompyuta yake, kwa sababu njia nyingi za kurejesha neno la siri lililosahauliwa hutengenezwa kabla ya kusahau.

Tuchukue mfano. Ushirika wa wafanyabiashara wa mpakani unatunza katika kompyuta moja hesabu za hisa na mikopo, pamoja na namba za vitambulisho vya wanachama. Mhasibu peke yake ndiye anayejua neno la siri. Siku ya kugawa faida linamtoka kichwani. Wanachama wamekusanyika, minong'ono ya wizi inaanza, na kwa haraka kompyuta inakabidhiwa kijana asiyefahamika vizuri anayedai kuwa fundi. Kusahau si kosa la jinai, lakini papara inayofuata huweza kumfungulia mhalifu mlango.

Hatua za kuchukua mapema

1. Tambueni aina ya akaunti. Katika kompyuta za Windows, akaunti ya Microsoft hurejeshwa kupitia namba ya simu au barua pepe iliyosajiliwa. Akaunti ya ndani ya kompyuta haina msaada huo. Hutegemea maandalizi yenu wenyewe.

2. Hakikini namba ya simu. Wengi wetu tuna laini mbili au tatu, moja ya Rwanda na nyingine ya nchi jirani. Ikiwa akaunti imesajiliwa kwa laini mliyokwisha kuiacha, ujumbe wa kurejesha hautawafikia. Sajilini laini inayotumika, na barua pepe mnayoweza kuifungua kwenye simu.

3. Tengenezeni flashi ya kurejesha. Kwa akaunti ya ndani, chomekeni flashi, kisha andikeni katika sehemu ya kutafutia ya Control Panel maneno «Create a password reset disk» na mfuate maelekezo. Kompyuta itadai neno la siri la sasa. Ndiyo maana kazi hii haiwezekani baada ya kusahau. Flashi hiyo huendelea kufaa hata mkibadilisha neno la siri baadaye.

4. Hifadhini ufunguo wa dharura. Kompyuta iliyofungwa kwa BitLocker ina ufunguo wa tarakimu 48. Ukiitishwa nanyi hamnao, hata Microsoft hawawezi kuwapatia mwingine. Uandikeni kwenye karatasi.

5. Wekeni nakala ya kumbukumbu mahali pengine, ili kazi ya ushirika isisimame hata kompyuta ikigoma kabisa.

Nani atunze?

Hapa ndipo penye uzito. Aliye na flashi ya kurejesha anaweza kuweka neno jipya bila kulijua la zamani. Kwa hiyo isiwekwe katika mkoba wa kompyuta, wala karatasi isibandikwe mezani. Kwa ushirika, twashauri flashi na karatasi vitiwe katika bahasha iliyofungwa, isainiwe na viongozi wawili, na kufunguliwa kwao wote wakiwepo. Hivyo mmoja akiugua au akisafiri, hesabu hazipotei. Na hakuna anayeshukiwa bure.

Mkisahau

Tulieni kwanza. Angalieni kama herufi kubwa zimewashwa. Angalieni pia mpangilio wa kibodi: katika eneo letu kibodi za Kifaransa na za Kiingereza hutumika pamoja, na herufi A na Q hubadilishana nafasi, vivyo hivyo Z na W. Mara nyingi neno la siri ni sahihi, kibodi ndiyo iliyobadilika.

Msimpe mtu yeyote namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye simu yenu, hata akijitambulisha kuwa mfanyakazi wa kampuni au askari polisi. Ikibidi kumwita fundi, awe anayejulikana, nanyi mbaki karibu naye mpaka amalize.

Kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria Na. 60/2018 ya tarehe 22/8/2018 kuhusu makosa ya mtandao. Mkishuku jambo hilo, toeni taarifa polisi kwa namba 112, au kwa Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda (RIB) kwa namba 166.

Maswali ya kujadili katika mkutano

Ni nani katika ushirika wenu anayejua neno la siri leo? Asipokuwepo kesho, mtaifunguaje kompyuta?

Tusiahirishe. Kuitengeneza flashi huchukua dakika chache. Kurejesha imani iliyovunjika kati ya wanachama huchukua miaka.