Dijonkteri yenye kuruka kila mara



Jioni moja umeme ulirudi baada ya siku mbili za kukatika. Katika nyumba moja ya hapa karibu, dijonkteri iliruka baada ya dakika chache. Baba wa nyumba akaiinua, ikaruka tena. Mara ya tatu akakamata kipande cha waya ya shaba, akafunga toka upande moja mpaka wa pili, umeme upite bila dijonkteri. Taa zikawaka, watoto wakapiga makofi. Kisha kama saa moja harufu ya plastiki ikasikika chini ya mabati, pale nyaya zilipounganishwa kwa kusokotwa na mkono tu. Walipona juu ya kuwa bado macho.

Wengi wanazani dijonkteri inalinda redio ao frigo. Hapana. Inalinda nyaya zenye kuwa ndani ya ukuta na chini ya paa. Waya ya milimeta za mraba 1.5 inapewa kwa kawaida dijonkteri ya ampere 10 ao 16, ile ya 2.5 inapewa ya 16 ao 20. Ukiweka ya 32 kwenye waya nyembamba, ni kweli haitaruka tena. Ni waya itakayoungua.

Basi dijonkteri ikiruka, usiseme mbio kwamba ni mbovu. Angalia kwanza: inakawia wakati gani mbele ya kuruka?

Ikikawia dakika, mzigo umezidi. Ndani yake mna kipande cha metali mbili zilizoshikamana. Zikipata moto, moja inarefuka kuliko mwenzake, kipande kinapinda, kinakata umeme. Katika nyumba ile dijonkteri ilikuwa ya ampere 10. Kwa volti 220, ni wati 2200. Mama alikuwa anapiga pasi (wati 1000), na resho ya sahani mbili (wati 2500) ilisahauliwa kwenye prize tangu siku umeme ulikatika. Jumla 3500, gawanya kwa 220: karibu ampere 16! Kwa hiyo umeme ukikatika, ondoa vyote kwenye prize, acha taa moja tu ya kukuambia kama umerudi. Frigo nayo inakula mara nyingi kuliko kawaida wakati mota yake inaanza, zaidi kama umeme umerudi na nguvu kidogo, namna tunavyoona mara nyingi mangaribi.

Ikiruka palepale, tak!, nyaya mbili zimegusana mahali fulani. Zima na uondoe vyombo vyote, kisha inua. Ikisimama, rudisha kimoja kimoja. Chenye kuiangusha ndicho kigonjwa, na mara nyingi ni kamba yake iliyokatikia karibu na fishi, ao ralonje iliyokanyagwa na kitanda. Ikiruka hata pasipo chombo, ugonjwa uko katika ukuta. Hapo usiinue tena, ita fundi.

Ikiruka siku za mvua tu, tafuta inje: lampi ya barazani, prize ya jikoni, paa lenye kuvuja. Hii ni ile dijonkteri nyingine, yenye kupima umeme unaotoka na ule unaorudi. Tofauti ikifika elfu 30 za milioni za ampere, yaani milliampere 30, inajua kwamba umeme unapotelea udongoni, pengine kwa njia ya mwili wa mtu, na inakata. Kuifunga hiyo na waya ni kubaya kuliko yote.

Dijonkteri yenyewe inaweza kuchoka pia, sikatai. Ao visi yake imelegea, ikapata moto bila mzigo mkubwa. Ukiigusa kifuniko ukasikia moto, ao ukaona alama nyeusi, acha hivyo hivyo mpaka fundi afike. Na kila mara unapoinua, mikono ikauke na viatu viwe miguuni.

ZOEZI. Dijonkteri ya nyumba ni ya ampere 16, umeme ni volti 220. Mnamo resho ya wati 2000, pasi ya 1000, frigo ya 150 na lampi sita za wati 10. Mtoto anataka kuchemsha maji ya kuoga kwa chuma cha wati 1000. Je, itaruka? Mama azime nini kwanza? Leteni mahesabu yenu kwa mwalimu wa fizika mbele ya siku ya Ijumaa.