Tangi la Samaki wa Ziwa Tanganyika: Njia ya Maji na Kimbilio la Mimea

Chama chetu cha Sayansi kimekusudia kuweka katika maabara tangi la vioo lenye samaki wa Ziwa Tanganyika. Wenzetu wengi wameuliza kwa nini tangu muhula uanze twapiga hesabu tu, wala hatujakata hata kioo kimoja. Jibu ni fupi: katika tangi la namna hii kazi kubwa si kuyapandisha maji, bali ni kuyapa njia ya kurudi. Nitaeleza mpango wake hapa, ili hata mtu atakaye kuweka tangi nyumbani kwao apate kuufuata.

ZIWA LENYEWE NI MWALIMU

Njia ya zamani ya misafara ilitoka pwani, ikapita hapa Tabora, ikavuka Mto Malagarasi, ikaishia Ujiji. Msafiri wa njia hiyo alipita katikati ya mfano wa tangi letu. Mabwawa ya Malagarasi yamejaa mafunjo na matete. Maji hupita humo polepole, huacha tope lake, kisha huendelea kwenda ziwani. Sisi nasi tutakuwa na chumba cha mimea kifanyacho kazi hiyo, nacho tutakiita kimbilio. Upande wa magharibi ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Mto Lukuga, upelekao maji Kongo. Huo ndio mfano wa bomba letu la kufurikia.

Sasa tazama yaliyotokea mlango huo ulipoziba. H. M. Stanley alipolizunguka ziwa mwaka 1876 aliukuta Lukuga umezibwa na tope na mafunjo, na maji ya ziwa yalikuwa yakipanda. Kabla ya mwaka 1880 kizuizi kile kilibomoka, maji yakatoka kwa nguvu, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka mita kadhaa. Basi sisi tukitegemea mlango mmoja mwembamba, konokono mmoja atosha kutufanyia yaliyofanywa na tope la Lukuga.

MATANGI MAWILI NA MABOMBA MATATU

Tangi la juu ni la samaki. Urefu wake ni sentimita 120, upana 45, na kimo 50. Tangi la chini lina urefu wa sentimita 80, upana 35, na kimo 40. Maji ya juu hufurika juu ya ukingo wa kioo, huingia katika kisanduku cha pembeni, na kushuka kwa bomba hadi chini. Huko hupita katika kimbilio, kisha hufika chumba cha pampu, nayo huyarudisha juu.

Bomba la kushusha lisiwe jembamba kuliko lile la kupandisha, kwa maana maji ya kupanda husukumwa na pampu, lakini yale ya kushuka hujiendea kwa uzito wake tu. Tumechagua bomba la kushusha la inchi moja na nusu. Kando yake tutaweka la pili, la akiba, lenye upana ule ule, ila mdomo wake uwe juu kidogo. Siku zote hilo litakaa kavu. Likianza kusikika likitoa maji, tutajua la kwanza limeziba.

HESABU YA UMEME UNAPOKATIKA

Hapa ndipo wengi hupotea. Wao hupanga tangi la saa ile pampu inapokwenda, na kumbe yafaa kupanga la saa ile inaposimama. Umeme ukikatika usiku wa manane hakuna mtu maabara wa kuliangalia.

Eneo la uso wa maji ya juu ni 120 × 45, yaani sentimita za mraba 5,400. Kwa hiyo kila sentimita moja ya kina ni lita 5.4. Katika tangi la chini maji yatasimama kwa kina cha sentimita 25, na nafasi tupu itakuwa sentimita 15. Basi 80 × 35 × 15 ni sentimita za ujazo 42,000, yaani lita 42.

Tuseme mdomo wa bomba la kurudisha umezama sentimita 10. Pampu ikisimama, bomba lile lile hugeuka kuwa mrija wa kunyonya, na maji ya juu hushuka mpaka mdomo upate hewa. Hizo ni lita 54. Ongeza lita 4 za kisanduku na mabomba, jumla 58. Nafasi ni 42 tu. Lita 16 zitakuwa sakafuni, karibu na waya za umeme. Lakini mdomo ukizama sentimita 2 tu, zitashuka lita 10.8, pamoja na zile 4 hazifiki 15. Sakafu itabaki kavu.

Je, bomba zote mbili za kushusha zikiziba? Pampu itavuta maji ya chumba chake tu. Chumba hicho kina urefu wa sentimita 20, nacho kina lita 17.5. Zikipanda zote, uso wa juu utainuka sentimita 3.2. Kwa sababu hiyo tutaacha sentimita 4 tupu chini ya ukingo wa juu wa tangi.

KAZI YA KIMBILIO

Uchafu wa samaki hutoa amonia. Bakteria huigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti, na mimea huila. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH ya karibu 9, na hapo amonia ni hatari zaidi. Kwa joto la nyuzi 25, katika pH 7 sehemu yenye sumu haifiki moja katika mia; katika pH 9 ni yapata theluthi moja ya amonia yote. Kwa hiyo kimbilio si pambo.

Ndani yake maji yaende taratibu. Taa yake iwake usiku, wakati ya juu imezimwa, ili mimea iendelee kunyonya kaboni dayoksaidi na pH isiyumbe. Uduvi na konokono wadogo watazaana humo bila kuliwa. Mbele ya pampu tutaweka chujio, majani yasije yakaivamia.

Mwenzangu mmoja alishauri tutie chumvi ya Uvinza, ambayo misafara iliibeba zamani. Haitafaa. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 za chumvi, bali ya ziwa hili haina hata gramu moja ya madini. Tena mengi yake ni ya magnesi na baikaboneti, wala si chumvi ya chakula.

KABLA YA KUTIA SAMAKI

Tutajaza maji matupu, tuzime pampu mara kumi, tupime kila mara. Kisha tutaziba bomba la kwanza kwa kitambaa, tuone kama la akiba latosha. Bakteria nao wapewe majuma kadhaa ya kukua. Yeyote atakaye samaki wa ziwa aulize kwanza ofisi ya uvuvi, na aanze na wale wadogo waishio katika makome matupu.

Kutoka Kigoma hadi hapa kwa reli ni zaidi ya kilomita 400. Kiumbe aliyesafirishwa mwendo huo hastahili kufa kwa ajili ya hesabu ambayo mwanafunzi angeimaliza kwa penseli katika nusu saa. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini yaweza kupimwa kabla hayajamwagika.