Picha ya Kale ni Shahidi

Katika nyumba nyingi za Kolwezi kuna bahasha au kisanduku chenye picha za zamani. Humo mna mzee aliyesimama mbele ya kiwanda, mama aliyebeba mtoto mgongoni, watoto waliopangwa mstari mlangoni mwa shule. Wengi wa watu hao wamekwisha kufa. Hata mahali pengine waliposimama hapako tena. Ndiyo maana yafaa kila mwanafunzi ajue kuisoma picha kama asomavyo kitabu.

Picha ni shahidi. Lakini shahidi huyu hasemi mpaka aulizwe, na mwenye haraka humsikia vibaya. Amri ya nane yatukataza ushahidi wa uongo. Basi mtu akisema, «Hapa ndipo palipokuwa nyumba ya fulani», naye hajui, aweza kumnyima jirani haki yake bila kukusudia.

1. Tazama kwanza kama picha haikugeuzwa

Zamani picha zilitolewa kwenye filamu. Filamu ikiwekwa kinyume, kulia huwa kushoto, na mji wote hugeuka. Basi tafuta maandishi: kibao cha duka, jina la shule, namba ya motokaa. Kama herufi zasomeka kinyumenyume, picha imegeuzwa. Kama hakuna maandishi, tazama mashati ya wanaume: vifungo hushonwa upande wa kulia wa mvaaji. Tazama na njia pia: katika Kongo magari hupita upande wa kulia.

2. Soma majina na alama

Miji ya Katanga imebadili majina. Elisabethville iliitwa Lubumbashi tangu mwaka 1966, na Jadotville ikaitwa Likasi. Kampuni ya migodi, Union Minière du Haut-Katanga, ilianzishwa mwaka 1906, na watu waliijua kwa herufi U.M.H.K. Mwaka 1967 mali zake za Kongo zilitwaliwa na serikali, na baadaye kampuni mpya ikaitwa Gécamines.

Bendera nayo husema. Bendera yenye misalaba midogo mitatu ya shaba ni ya Katanga ilipojitenga na Kongo, kuanzia Julai 1960 mpaka Januari 1963. Misalaba ile ni mfano wa fedha ya kale, kwa maana wahenga wa nchi hii waliyeyusha shaba na kuimimina katika umbo la msalaba zamani sana, kabla ya kampuni yo yote kufika. Bendera yenye mkono ulioshika mwenge ni ya Zaire, kuanzia mwaka 1971 mpaka 1997.

Lakini angalieni sana. Herufi zilizopakwa ukutani hazifutiki siku ile jina linapobadilika. Ukuta waweza kubaki na herufi U.M.H.K. miaka mingi baada ya 1967. Hapo tunapata kanuni kubwa ya somo hili: alama hutuambia mwanzo, haituambii mwisho. Ukiona bendera ya Zaire pichani, wajua ya kuwa picha haikupigwa kabla ya 1971. Ukiona herufi za zamani, hujui bado zilikaa pale mpaka lini.

3. Tazama vitu vilivyojengwa

Kila jengo lina siku yake ya kuzaliwa. Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937, uwe makao ya machimbo ya magharibi ya U.M.H.K. Basi mtu akikuletea picha ya njia pana na majumba mengi, na nyuma yake pameandikwa «Kolwezi 1925», usimtukane, lakini usimsadiki. Mji wenyewe ulikuwa haujaanza.

Bwawa la Nzilo, katika mto Lualaba, lilimalizika mwaka 1952. Zamani liliitwa Delcommune. Picha inayoonyesha ukuta wa bwawa hilo umekwisha jengwa na ziwa limejaa nyuma yake, si ya mwaka 1940. Kiwanda cha Luilu kilianza kazi mwaka 1960. Reli nayo ina habari: magari ya moshi ya Katanga yalianza kuvutwa kwa umeme mwaka 1952, kati ya Jadotville na Tenke. Kabla ya hapo hapakuwa na waya juu ya reli ile.

Hata vilima husema. Katika nchi ya shaba si kila kilima kiliumbwa na Mungu moja kwa moja; vingine vilirundikwa na watu. Huko Lubumbashi kuna kilima cheusi cha mabaki ya mawe yaliyoyeyushwa katika tanuri, ambayo ilianza kazi mwaka 1911. Kilima kilikua kadiri tanuri ilivyofanya kazi. Tena tangu miaka ya mwanzo ya 2000 kilianza kupunguzwa, kwa sababu ndani ya mabaki yale bado mna kobalti. Ndiyo kusema picha mbili zaweza kuonyesha kilima cha ukubwa sawa, moja kikipanda, moja kikishuka. Kilima peke yake hakitoshi.

4. Uliza jua na majira

Kolwezi iko kusini ya ikweta, karibu nyuzi 11. Mwezi wa Juni, saa sita ya mchana, jua liko upande wa kaskazini, na kivuli huangukia kusini. Mti wa mita 3 hutupa kivuli cha mita 2 hivi. Mwezi wa Desemba jua la saa sita limepita kidogo upande wa kusini. Kivuli huelekea kaskazini, nacho ni kifupi sana, hakifiki mita 1.

Kivuli chatufaa kujua mpiga picha alielekea wapi. Tuseme watu wanatoka kanisani baada ya Misa ya asubuhi. Jua liko mashariki, basi vivuli vimelala kuelekea magharibi. Kama pichani vivuli vinakwenda upande wa kulia, kulia ni magharibi. Simama wewe mwenyewe, weka magharibi mkono wako wa kulia: uso wako unatazama wapi? Unatazama kusini. Hivyo ndivyo alivyosimama mpiga picha. Sasa waweza kwenda mahali pale na kutafuta alama iliyobaki: mti mkubwa, kona ya ukuta, mnara wa kanisa, kichuguu.

Majira nayo huonekana. Njia yenye matope na nyasi ndefu ni ya wakati wa mvua. Nyasi zilizoungua, vumbi na ukungu wa moshi ni vya wakati wa kiangazi.

5. Mfano mmoja

Tuseme mwanafunzi amepata picha kwao. Nyuma yake pameandikwa kwa kalamu ya risasi: «Tenke», na mwaka unaosomeka kama 1936. Tenke ni njia panda ya reli: njia moja yaenda Kolwezi na Dilolo, nyingine yaenda Bukama. Pichani mna stesheni, behewa lenye herufi B.C.K., ambazo ni za kampuni ya reli ya zamani, na mtoto wa kike amesimama karibu na mzigo. Juu ya reli pana waya.

Mwanafunzi asiye makini atasema, «Ni mwaka 1936, imeandikwa.» Mwenye makini atautazama waya. Reli ya Tenke haikuwa na umeme kabla ya 1952. Basi picha haiwezi kuwa ya 1936. Je, aliyeandika alidanganya? Si lazima. Atazame tena mwandiko ule karibu na dirisha. Tarakimu 3 na 5 hufanana zikiandikwa upesi. Pengine ni 1956.

«Pengine» si «hakika». Kwa hiyo mwanafunzi aende kwa nkambo yake.

– Jambo, nkambo. Huyu mtoto ni nani?

– Ni mimi, mjukuu wangu. Tulikuwa tunahamia Kolwezi, baba amepata kazi. Nalilia kuku wetu aliyebaki.

– Nkambo, ulizaliwa mwaka gani?

– Cheti changu cha ubatizo chasema 1952.

Mtoto wa pichani aonekana kuwa na miaka 4 hivi. Sasa kuna waya, kuna mwandiko, kuna nkambo, kuna na cheti cha ubatizo, na wote wanapatana juu ya 1956. Maandiko Matakatifu hutaka mashahidi wawili au watatu ili neno lithibitike. Lakini habari ya kuku, hiyo picha isingeweza kuisema kamwe. Wazee waulizwe wangali hai.

6. Mahali pasipokuwapo tena

Kazi hii si mchezo tu. Katika mtaa wa Kasulo, huko Kolwezi, mwaka 2014 mtu alichimba karibu na nyumba yake akakuta madini ya kobalti. Habari ikaenea, watu wakachimba mashimo uani, njiani, hata ndani ya nyumba. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta ili iwe machimbo, na jamaa nyingi zilihamishwa. Mlango ambao mtoto alijifunza kutembea mbele yake umekuwa shimo. Jamaa kama hiyo ikiwa na picha ya mlango ule, na majirani wawili wanaoutambua, imeokoa kitu ambacho hakuna fedha iwezayo kukirudisha.

Wenye ufundi nao wamelifahamu jambo hili. Mpiga picha Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alichukua picha za kale za wafanyakazi wa migodi, akawaweka watu wale juu ya picha mpya za karakana zilizochakaa. Atazamaye huona pamoja waliofanya kazi na mahali palipobaki baada yao, naye hujiuliza: majina yao ni nani?

Hilo ndilo swali. Picha nyingi za kampuni huandika jina la mashine na jina la mgodi, lakini mtu aliyeiendesha huitwa «mfanyakazi» tu. Ukimpata mzee awezaye kusema, «Huyu ni baba yangu mdogo», umemrudishia mtu jina lake.

7. Namna ya kuandika

Chukua daftari, chora safu tatu. Ya kwanza: Ninaona. Ya pili: Nimeambiwa, na nani kaniambia. Ya tatu: Sijui. Usihamishe neno kutoka safu ya tatu kwenda ya kwanza kwa sababu lapendeza. Safu ya «Sijui» si aibu. Ni mlango ulioachwa wazi kwa atakayekuja na habari.

Usiandike kwa wino juu ya picha yenyewe. Andika nyuma, polepole, kwa kalamu ya risasi laini: jina, mahali, mwaka. Na tarakimu 3 na 5 uzitenganishe vizuri.

Maswali

1. Kwa nini «Kolwezi 1925» haliwezi kuwa kweli kwa picha ya mji wenye majumba mengi?
2. Eleza kwa mfano wako: alama hutuambia mwanzo, haituambii mwisho.
3. Ni asubuhi, na vivuli pichani vinakwenda upande wa kushoto. Mpiga picha alielekea wapi?
4. Mashahidi wa picha ya Tenke walikuwa wangapi? Wataje.
5. Omba nyumbani picha moja ya zamani. Jaza safu tatu, kisha umsomee mzee mmoja uliyoyaandika, umwache akusahihishe.